Tupeane uzoefu: neno "complementary" mlikutana nalo wapi?

Wakuu, mdogo wangu yuko kidato cha kwanza hapa Moshi. Kaja na hesabu za pembe, anauliza kwa nini neno hilohilo la Kiingereza, maana yake kukamilishana, limo kwenye baiolojia ya dada yake. Nyie mlikutana nalo wapi? Wa Arusha mnaoshinda na wageni, msijifiche.

Ticha wa Majengo: Pembe mbili zikijumlishwa zikatoa nyuzi 90. Zikitoa 180 hizo ni "supplementary". Darasani nawaambia C inatangulia S, na 90 inatangulia 180. Pembe ya 35 mwenzake ni 55. Pembe moja peke yake haiitwi hivyo hata siku moja.

Mapokezi Arusha: Bosi wangu mmoja alichapisha kadi za mezani: chai ya asubuhi "complementary". Alimaanisha ya bure. Nikamwambia hiyo huandikwa kwa i, "complimentary". Akabisha, eti herufi moja tu! Akaja mzee wa Kiingereza, akaisoma kadi, akaniuliza kwa upole, "Chai hii inakamilisha nini?" Kadi zikachapwa upya, mimi sikutajwa popote. Ila tusimwonee bosi: maneno yote mawili yametoka kwenye kitenzi kimoja cha Kilatini, kujaza. Lile la i lilizunguka kwa Waitalia na Wafaransa, likaangukia kwenye sifa na takrima.

Nesi wa lishe: Makande jamani! Mahindi yana upungufu wa laisini, kijenzi kimoja cha protini, maharage yanayo ya kutosha. Maharage nayo yamepungukiwa methionini, kijenzi kingine, mahindi yanaleta. Kitaalamu hizo ndizo protini "complementary", na bibi zetu wa Marangu walizipika bila kusubiri semina. Si lazima sahani moja lakini. Ukila mahindi mchana na maharage usiku, mwili unajipangia wenyewe.

Fundi cherehani: Rangi. Bluu na chungwa, nyekundu na kijani. Ziweke jirani kwenye kitenge, kila moja inawaka. Zikoroge pamoja uone tope.

Ticha wa Majengo: Ya dada mtu nilisahau. Kwenye DNA, yaani nyuzi mbili zinazobeba urithi wa mwili, kijenzi A hukaa na T, G na C. Uzi mmoja ukisomeka ATTGC, wa pili ni TAACG.

Dereva wa watalii: Mnaoandika barua za kazi, baada ya neno hilo wekeni "to", siyo "with".