Hall hakuuawa na baridi! Acheni kupotosha kisa cha meli ya Polaris

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila baada ya muda anaibuka mtu na simulizi ya Charles Francis Hall, na kila mara ni upotoshaji ule ule: Mmarekani alifunga safari kwenda Ncha ya Kaskazini, barafu ikamshinda, akili ikamruka, akafa, na hakuna ajuaye kilichomuua. Juzi nimesikiliza nyingine. Imewekewa muziki wa kutisha na mvumo wa upepo, msimulizi anatuambia habari za laana ya Aktiki. Laana! Mtu amekutwa na sumu mwilini, ninyi mnatuletea laana.

Haya, tuanze na mambo yanayojulikana. Polaris iliondoka New York Juni 1871. Serikali ya Marekani ndiyo iliyogharamia, na Bunge lilitenga dola 50,000. Hall ndiye kiongozi wa msafara, Sidney Budington nahodha wa meli, na daktari ambaye pia aliongoza kazi za kisayansi ni Emil Bessels, Mjerumani. Hawakupatana tangu mwanzo. Bessels alimdharau Hall kwa kuwa hakuwa msomi, kabla ya hapo alikuwa mchapishaji wa gazeti huko Cincinnati. Budington alikuwa mlevi na hakutaka kwenda kaskazini zaidi. Hata hivyo meli ilivuka digrii 82 za latitudo ya kaskazini, mbali kuliko meli yoyote iliyorekodiwa hadi wakati ule, kisha wakarudi kidogo na kutia nanga kwenye ghuba moja ya kaskazini magharibi mwa Greenland. Hall akaiita Thank God Harbor. Hapo ndipo wangekaa majira yote ya baridi, jua likiwa limezama kwa miezi.

Tarehe 24 Oktoba 1871 Hall alirudi kutoka safari ya sleji za mbwa. Aliondoka mzima, akarudi mzima. Akapewa kikombe cha kahawa. Muda si muda akaanza kutapika na kuishiwa nguvu, baadaye akawa anaweweseka. Sasa niambieni, baridi gani hii inayomngoja mtu hadi aingie chumbani penye joto, anywe kahawa, ndipo imwangushe?

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Hall hakufa kimya. Alisema, na watu walisikia, kwamba amelishwa sumu, na alimtaja Bessels miongoni mwa aliowashuku. Akakataa kutibiwa naye. Kwa siku kadhaa hakukubali kinywaji isipokuwa kilichotoka mikononi mwa Tookoolito, mwanamke wa Kiinuit (wenyeji wa Aktiki) aliyekuwa mkalimani na rafiki yake kwa miaka mingi, yeye na mumewe Ebierbing. Unajua kilichotokea? Alipata nafuu. Alipanda hadi sitahani. Kisha Bryan, kasisi wa meli, akamsihi amruhusu daktari arudi, na tarehe 4 Novemba Hall akakubali. Bessels akaanza tena matibabu yake. Tarehe 8 Novemba Hall akafa.

Someni tena aya hiyo polepole. Daktari yupo, mgonjwa anazidiwa. Daktari kazuiwa, mgonjwa anapona. Daktari karudishwa, mgonjwa kafa. Hii haihitaji muziki wa kutisha.

Wengine watasema tatizo halikuonekana hadi vipimo vya kisasa vilipokuja. Si kweli, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mwaka 1873 Jeshi la Majini la Marekani liliunda bodi ya uchunguzi chini ya Waziri George Robeson. Mashahidi walikuwa hai. Kundi la kwanza lilikuwa la watu 19 waliotenganishwa na meli usiku wa 15 Oktoba 1872, wakaelea juu ya bapa la barafu kwa zaidi ya miezi sita hadi walipookolewa karibu na pwani ya Labrador mwishoni mwa Aprili 1873. Watano kati yao walikuwa watoto, mmoja mchanga kabisa. Walikula sili waliowindwa na Ebierbing na Hans Hendrik wa Greenland. Bila Wainuit hao wawili bodi isingepata hata mmoja wa kumhoji katika kundi lile.

Tookoolito alitoa ushahidi. Alieleza kwamba Hall alimlalamikia ile kahawa, kuwa ilikuwa tamu kupita kiasi na ndiyo iliyomdhuru. Huyu ndiye aliyekaa kitandani kwake, ndiye aliyemnywesha. Kisha akaja Bessels mwenyewe, akaeleza kwamba kilikuwa kiharusi na kwamba alikuwa akimdunga kwinini. Waliokaa kupima maneno yake ni madaktari wakuu wa Jeshi la Nchi Kavu na la Majini. Kesi ya nyani kapewa ngedere. Uamuzi ukatoka: Hall alikufa kifo cha kawaida, matibabu yalikuwa sahihi. Maiti ilikuwa Greenland, hakuna aliyeichunguza. Shajara za Hall za safari ile zilikuwa zimepotea. Kikombe kilipitia mikono ya nani hadi kumfikia Hall, jambo hilo halikuwekwa wazi. Wakafunga jalada hivyo hivyo!

Agosti 1968 profesa mmoja wa Marekani, Chauncey Loomis, aliomba kibali, akaenda na daktari, Frank Paddock, wakafukua kaburi. Ardhi ya kule haiyeyuki, kwa hiyo mwili ulikuwepo bado, umefunikwa bendera. Wakachukua nywele na kucha, zikapimwa Toronto. Majibu: Hall alipokea aseniki nyingi, yaani sumu, katika wiki mbili za mwisho za uhai wake. Hesabuni wenyewe. Wiki mbili nyuma kutoka 8 Novemba mnafika kwenye kile kikombe.

Najua kuna atakayekuja na hoja kwamba aseniki ilikuwa dawa zama zile, labda Hall alijitibu mwenyewe. Hoja halali, hata Loomis hakuitupa. Lakini mtu anayejitibu kwa siri kwa nini apone pale anapomkataa daktari? Na kwa kuwa aseniki ilikuwa kitu cha kawaida katika sanduku la dawa, nani alikuwa na ufunguo? Mimi sisemi Bessels amehukumiwa. Hakuna mahakama iliyomgusa. Nasema alipaswa kubanwa maswali na hakubanwa. Miaka ya karibuni zimejitokeza barua zinazoonyesha alikuwa akimpenda Vinnie Ream, yule mchongaji wa sanamu ya Lincoln iliyoko kwenye jengo la Bunge la Marekani, na Hall naye alikuwa na mawasiliano na dada huyo. Kwangu hilo ni la pembeni. Chuki ya melini ilitosha.

Wala msinielewe kwamba namtetea Hall kama malaika. Mwaka 1868, katika safari ya kabla ya hii, alimpiga risasi mfanyakazi wake Patrick Coleman, na Coleman akafa baada ya kuteseka siku kadhaa. Hall hakushtakiwa. Hilo nalo msimulizi wetu wa laana kaliruka, na ni mauaji katika nyika ile ile ya barafu.

Na Tookoolito? Katika simulizi ya juzi ametajwa mara moja kama "mtumishi wa Kieskimo". Mtumishi! Alikuwa mkalimani, anazungumza Kiingereza fasaha, amefika Uingereza akakutana na Malkia Victoria kabla hajamjua Hall. Alirudi kutoka kwenye barafu, akamzika binti yake wa kulea, Panik, mwaka 1875, na yeye akafa mwishoni mwa 1876 huko Groton, Connecticut.

Kwa hiyo wewe mwenye chaneli, najua unapita humu. Rekebisha kipindi chako. Weka tarehe 24 Oktoba, weka zile siku ambazo Hall alipata nafuu, weka majibu ya Toronto, na umwite Tookoolito kwa jina lake. Na kama una ushahidi wa hiyo laana, uulete hapa hapa chini.