Kaseti ya marehemu mjomba imeandikwa "B. Brains 79": nisaidieni kujua ni ipi

Mwana_Keko:

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Mjomba wangu alifariki mwaka jana. Alikuwa baharia, na kabla ya meli alikuwa rasta wa hapa Keko, wa zile enzi ambazo rasta akipita mtaani wazazi wanaita watoto ndani. Wiki iliyopita mjane wake ameniita nichukue boksi la kaseti kabla panya hawajalimaliza. Humo ndani mna reggae, mna Msondo, mna mawaidha, na mna hii moja ambayo naikumbuka tangu nikiwa darasa la tatu. Jumapili asubuhi alikuwa anaiweka, anafagia uwanja, na majirani wanalalamika kwamba huyu mtu anapiga kelele za mashetani.

Ni muziki wa panki, ile ya kasi sana wanayoiita hadikoo. Kwenye karatasi ameandika kwa kalamu ya bluu "B. Brains 79", basi. Hakuna majina ya nyimbo.

Nimesoma kidogo nikajua ni Bad Brains, vijana weusi wa Washington. Lakini kila mahali naona albamu yao ya kwanza ni ya 1982, ile iliyotoka kwa kaseti ya njano yenye radi inapiga jengo la bunge lao. Sasa hii 79 imetoka wapi? Mjomba alikosea, au alikuwa na kitu kingine? Nina hamu ya kujua maana familia inasema aliipata mwaka huohuo wa 1979, na mimi nataka nijue ukweli kabla sijaanza kuwasimulia wanangu. Siiuzi, msije PM.

Nawasilisha.

Spika_ya_Ilala:

Mkuu, pole kwa msiba. Mjomba hakukosea mwaka.

Mwaka 1979 Bad Brains waliingia kwa Don Zientara, jamaa aliyekuwa na studio inaitwa Inner Ear ndani ya nyumba yake kule Arlington, Virginia, ng'ambo tu ya mto kutoka Washington. Wakarekodi nyimbo 16. Zikakaa. Singo yao ya kwanza ikatoka 1980, kaseti ya njano ikatoka 1982, wakawa maarufu, na zile za kwa Zientara bado zimelala. Zilitoka rasmi 1996, albamu inaitwa Black Dots. Kwa hiyo hesabu mwenyewe: miaka 17 kabatini.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Kuna nyimbo ziko kote kote, hizo zisikuchanganye. Wewe tafuta "Sailin' On" na "Big Take Over". Zikiwepo, unayo ile ya njano. Zisipokuwepo, na ukasikia "Redbone in the City" au "At the Atlantis", hiyo ni Black Dots. Halafu angalia reggae. Ile ya njano ina reggae kadhaa ndefu. Black Dots kwa kumbukumbu yangu reggae ni moja tu, "The Man Won't Annoy Ya".

Ila mkuu, kama ni Black Dots, habari ya familia kwamba aliipata 1979 hapo sikubaliani nayo. Angeitoa wapi?

MzeeWaDansi:

Wanangu, mmenigusa. Mwaka 1979 sisi hapa Dar tuliuanza kwa msiba wa Mbaraka Mwinshehe, ajali ya gari Mombasa, mwezi wa kwanza. Vita ya Kagera nayo inaendelea. Huku Mlimani Park ndiyo kwanza bendi changa, imeanzishwa mwaka uliotangulia. Sikuwa na habari kwamba mwaka huohuo kuna vijana weusi Marekani wanapiga vitu kama hivyo.

Nilikuja kuwasikia uzeeni kupitia mwanangu. Kilichonishangaza ni kwamba wale hawakuanza na panki. Walianza na jazi ya kuchanganya na roki, wakijiita Mind Power. Ndiyo maana hata wakikimbia vile mkono wa yule mpiga gitaa Dr. Know hautetereki. Sikiliza besi ya Darryl Jenifer peke yake, usisikilize kingine. Mtu anayejua dansi atanielewa: mwenye besi akipotea hata kidogo kwenye kasi ile, wote wamekwisha. Hapotei. Kwenye ngoma yuko Earl Hudson, mdogo wake H.R. anayeimba, na ndugu wakipiga pamoja unasikia undugu.

Mimi rekodi za mwanzo nazipenda kuliko zilizosafishwa. Bendi zetu zilirekodiwa Redio Tanzania, Barabara ya Pugu, wote chumba kimoja, ukikosea mnarudia wote. Mtu ukisikia rekodi ya namna hiyo unajua hawa watu kweli walikuwa wanaweza. Hiyo ya 1979 iko hivyo. Umri wao ulikuwa miaka ishirini hivi, hakuna anayewajua, na hakuna wa kumwogopa.

Mwana_Keko, mjomba wako kama alikuwa rasta basi aliwapenda kwa sababu. Wale vijana walikuwa rasta, na hawakuona aibu kusimamisha kelele zote katikati ya onyesho wakapiga reggae taratibu.

DadaTabata:

Habari zenu. Mimi nahamisha kaseti kwenda kwenye kompyuta, za harusi na za mawaidha hasa. Kaka, usiiweke kwanza kwenye redio yoyote iliyokaa miaka! Ule mkanda wa mpira ndani unalainika kama lami, unaganda, kaseti inatafunwa. Fungua kifuniko, futa hedi na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba na spiriti. Kisha tazama kaseti yenyewe, chini ya tepu katikati kuna kisponji kidogo. Kikiwa kimebanduka sauti itakuwa kama mtu anaimba chini ya blanketi. Kama ganda lina skrubu kitahamishika kutoka kaseti nyingine. Zungusha tepu yote kwa kalamu ya Bic kwenda na kurudi, taratibu, ndipo uipige. Na urekodi kwenye kompyuta mara ile ya kwanza, usingoje ya pili.

Mwana_Keko:

Wakuu, nimerudi.

Nilifuata maneno ya Dada Tabata yote. Kisponji kilikuwa kimebanduka kweli, kimelala kwenye kona. Nilitoa kingine kwenye kaseti tupu, fundi wa Gerezani akanisaidia kukibandika kwa kibanio cha nyusi.

"Sailin' On" haipo. "Big Take Over" haipo. "Redbone in the City" ipo. Reggae ni moja. Spika, ni Black Dots.

Na kuna kitu kingine. Upande A unaisha wimbo ukiwa katikati, unakatika pwaa. Upande B unaanza na wimbo uleule, tangu mwanzo. Nilidhani ni kasoro, nikarudia mara tatu.

Spika_ya_Ilala:

Hapo jibu lako lote limekaa, mkuu. Mjomba alikuwa na sidii mbele yake. Tepu ilipoisha akageuza kaseti, akaurudisha wimbo mwanzo ili usiwe nusu. Angekuwa ananasa kutoka redioni asingeweza. Alikuwa kwenye meli miaka gani?

Mwana_Keko:

Nimemuuliza mama, mjane wake. Alipanda meli 1994, akashuka moja kwa moja 2001. Kwa hiyo ni baada ya 1996, kwenye sidii ya baharia mwenzake huko baharini, na 79 aliyoiandika ni mwaka wa kurekodiwa. Aliitoa kwenye kava. Familia tumekosea miaka yote.

Nilimpigia mama ile reggae kwenye simu. Akaniambia nizime kwanza, akaenda kukaa barazani, akasema haya iweke tena. Alikuwa anaijua yote, maneno amegeuza Kiswahili chake mwenyewe, ya kufulia nguo. Nimemwekea kwenye simu yake, kisha kaseti nimeirudisha palepale kwenye boksi, boksi nimelipandisha juu ya kabati.

Mzee wa Dansi, besi nimeisikiliza peke yake kama ulivyosema. Nimeelewa.