Matokeo ya mtihani wa mtandaoni hayatoki, na kazi mpya wanataka cheti. Nifanyeje wakuu?

Binti wa Chikongola
Habari za muda huu wakuu. Naombeni ushauri wa kweli, kejeli nitazisoma baadaye.

Mimi ni karani kwenye ofisi ya ghala hapa Mtwara mjini. Nimesomea kompyuta, ila kazi yangu ni kupokea karatasi za mizani na kuziandika daftarini, basi. Sasa kuna ndugu yupo Dar kaniunganishia kampuni ya mambo ya mitandao, wakasema nafasi ni yako, lete cheti fulani cha kimataifa kabla mwezi haujaisha.

Mtihani wenyewe unafanyia popote, unakaa mbele ya kamera, msimamizi yuko nchi za watu anakutazama. Nimefanya, nimemaliza maswali yote, skrini ikanishukuru na kusema matokeo yatakuja kwa imeili. Kimya. Nikifungua akaunti yangu naona "yanashughulikiwa". Siku walizoahidi zimepita. Usingizi sina, simu ikilia naruka nikidhani ni wao, kumbe naambiwa bando linaelekea kuisha.

Swali: niwaombe wa Dar waongeze muda au ninyamaze tu? Na kuna mtu humu aliyewahi kucheleweshewa hivi halafu akafaulu?

Kambi Popote
Nimetandika mkeka hapa. Wajuzi wako njiani.

Fundi wa Ligula
Dada, mtihani gani? Kila mtihani una muda wake. Ule wa Kiingereza wa Duolingo wanaahidi ndani ya saa 48. Mitihani ya AWS, ile ya kompyuta ya Amazon, ni siku 5 za kazi, Jumamosi na Jumapili hazimo. Mingine unaonyeshwa palepale kabla hujasimama kitini. Ahadi ikishapita, mara nyingi kuna mtu kakaa anaitazama video yako upya. Kwa hiyo mimi nauliza kitu kimoja: humo chumbani kulitokea nini?

Mzee wa Mikindani
Mwanangu, watu wa kusini kusubiri tumezaliwa nako. 2018 serikali ilitangaza korosho kilo 3,300, jeshi likaja kusomba magunia, sisi tukabaki na uhakiki. Mimi niliambiwa jina langu la kwenye daftari la chama lina herufi moja zaidi ya jina la benki. Nikapanda Newala, nikashuka, nikapanda tena. Mwenzangu yeye alikuwa ameshanunua bati kwa mkopo. Mpaka leo tukikutana kilabuni namwita Bwana Bati. Subiri, mwanangu.

Dada Shangani
Mimi nakushauri usiende Dar kabisa. Kodi miezi sita kwa mkupuo, foleni, joto. Hapa una samaki wa leo na bahari bure. Huo mshahara wenyewe utaishia kwenye nauli za daladala.

Binti wa Chikongola
Asanteni. Dada Shangani, sikuuliza habari ya Dar. Fundi, mtihani siutaji kwa sababu humu kuna watu wa ofisini kwetu. Chumbani hakukutokea kitu, ila msimamizi alisimamisha mtihani mara moja kwa muda mfupi, akataka nizungushe kamera, nikazungusha, tukaendelea. Kawaida tu.

Fundi wa Ligula
Mtihani hausimamishwi kwa kawaida tu, dada. Alisikia nini?

Lindi Mtanda
Hayo mambo ya kusimama nayajua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuwa ndiyo kimetoka kuikata barabara ya Dar kule Somanga, tunasema afadhali basi tuna intaneti, mara nyaya za chini ya bahari nazo zikakatika, EASSy na Seacom kwa pamoja. Mimi niko swali la arobaini na kitu. Skrini ikaganda na uso wangu humohumo, mdomo wazi. Baadaye wakanipa kurudia bila kulipa maana kosa halikuwa langu. Kama na wewe ni mtandao, usiogope.

Binti wa Chikongola
Haukuwa mtandao.

Haya, ngoja niseme. Nyumbani kuna watoto na kelele, nikaamua kuchukua chumba gesti kwa nusu siku. Mjomba akasema binti wa watu haingii gesti mchana peke yake, Mtwara ndogo hii, jioni habari ishafika Nanyamba. Na ada ya mtihani kalipa yeye, ningemkataliaje? Akaja. Sheria inasema chumbani asiwepo mtu mwingine, kwa hiyo hakuwepo chumbani. Alikuwa chooni. Kajifungia na kiti chake cha plastiki na gazeti.

Katikati ya mtihani simu yake ikaita. Akapokea, sauti ile ya mzee anayeongea na mtu wa mbali: "Ufuta bado! Mnada bado! Nipo kikaoni!"

Kambi Popote
😂😂😂 NIPO KIKAONI

Dada Shangani
Kikao cha choo jamani. Nimecheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili kaamka.

Fundi wa Ligula
Na msimamizi alipokuuliza sauti ni ya nani, ulimjibu nini? Hapo ndipo penye kesi. Sauti ya nje mara nyingi unapewa onyo, yanaisha.

Binti wa Chikongola
Nilimwandikia ni redio ya jirani. Ningesema nini, nina mjomba chooni? Wazungu hawaelewi mambo ya heshima. Na kusema kweli hakunisaidia hata jibu moja, yeye kompyuta anaijua kwa kuifuta vumbi.

Mzee wa Mikindani
Mjomba kafanya sawa. Kwetu mjomba ndiye baba. Ila uongo ulikuwa wako, binti, wala usimtwishe yeye.

Fundi wa Ligula
Sikiliza. Wale wanarekodi picha na sauti mwanzo mpaka mwisho. Wakimpa anayejua Kiswahili asikilize, redio gani inayosema nipo kikaoni? Ingia kwenye akaunti yako, fungua malalamiko humohumo ndani, uchukue namba ya shauri. Eleza kwa sentensi chache: ndugu alikuwa mlango wa pili, alipokea simu, ulipaniki ukajibu vibaya. Wakuhukumu kwa hilo kuliko wakutane na redio. Na usijaribu kujisajili upya kwa imeili nyingine wakati hili halijaisha, utafungiwa moja kwa moja. Wa Dar waombe muda leo, waambie matokeo yako kwenye mapitio, neno hilo wanalielewa.

Binti wa Chikongola
Nikijieleza si ndiyo najifunga mwenyewe? Labda hawakusikia maneno, walisikia mlio tu. Nafikiri bora nikae kimya. Halafu kuomba muda siwezi, nilishawaambia nimefaulu. Maswali yalikuwa mepesi, najua nimefaulu. Na hapa ofisini barua ya kuacha kazi nimeshaipeleka. Bosi bado hajaisaini, yuko safari Masasi.

Dada Shangani
Uwiii.

Lindi Mtanda
Dada umejipiga kangomba mwenyewe. Korosho iko mtini, wewe ushaila hela.

Binti wa Chikongola
Barua ilikuwa lazima, taarifa ni mwezi mzima. Ningengoja matokeo ningewakosa wa Dar. Msinihukumu, nyie hamjui nilivyochoka na hizi karatasi za mizani.

Mpelelezi Huru
Samahani wakuu, mnamwaga ushauri kwenye chai. Niliwahi kufanya hii mitihani. Kabla hujaanza wanadai picha za chumba pande zote nne, na mlango wa choo ungeonekana. Dakika tisini mtu mzima yuko chooni, hakohoi, hafungui maji? Gesti za kawaida hapa mjini choo ni cha nje, foleni na ndala. Na hadithi kama hii niliisoma mahali, mjomba alikuwa mama mkwe, choo kilikuwa kabati. Mtoa mada, karani wa ghala anazo kweli hela za gesti yenye choo ndani?

Kambi Popote
Mkeka naukunja? Nishachemsha chai kweli.

Mzee wa Mikindani
Gesti za choo ndani zipo tele, kijana. Ulikuja Mtwara mwaka gani?

Mpelelezi Huru
Nilikuja enzi za bomba la gesi, mzee. Alete picha.

Binti wa Chikongola
Picha nilizowapigia ndizo hizi, mlango wa choo unaonekana umefungwa, na mwenye macho ataona gazeti limechungulia kwa chini. Msimamizi hakuliona. Sikujiunga humu kuja kutunga. Ningekuwa natunga ningejipa na matokeo.

Dada Shangani
Gazeti nimeliona! Na lile pazia la maua ya zambarau nalijua, ni kule njia ya uwanja wa ndege.

Fundi wa Ligula
Sawa, kwa hiyo gazeti nalo lipo kwenye picha walizonazo wao. Dada, bado unataka kukaa kimya?

Binti wa Chikongola
Naandika sasa hivi. Ila barua ya kazi siirudishi. Bosi akitoka Masasi ataamua mwenyewe.

Mpelelezi Huru
Pazia hata mimi naweza kulipiga picha.

Lindi Mtanda
Mpelelezi pumzika. Dada, chumba hicho kwa nusu siku ni bei gani? Nina mgeni wangu anashuka wiki ijayo, na yeye anataka choo ndani.