Uzazi "fao la nyongeza"?? Hizi sera za bima ya afya zibadilishwe, wanawake tumechoka

Wadau nimeshindwa kulala, nikasema bora niandike maana hasira nilizonazo tangu juzi nitakuja kupata presha bure.

Mdogo wangu ana mimba ya miezi minne. Bima anayo, anakatwa kila mwezi, hajawahi kuruka hata mwezi mmoja. Juzi kaenda kuanza kliniki kaambiwa kifurushi chako hakina uzazi, uzazi unaongezewa pembeni, na hata ukiongeza leo unasubiri miezi kumi ndo uanze kutumia. Miezi kumi! Mimba ni miezi tisa na yeye keshamaliza minne. Hicho kipengele kimeandikwa ili mwenye mimba asilipiwe, mimi sioni maana nyingine hapo. Na kilichonichoma zaidi, kifurushi hicho hicho miwani imo, meno yamo, kujifungua ndo hamna.

Kuna watu wataniambia ndivyo bima zilivyo, haiwezekani. Inawezekana. Marekani kabla ya sheria yao ya bima ya 2010, ukijikatia bima mwenyewe mwanamke ulikuwa unaweza kutozwa zaidi ya mwanaume wa umri wako, na ukienda ukiwa mjamzito wanakukataa kabisa, eti umekuja na tatizo tayari. Ilipofika 2014 vyote hivyo vikapigwa marufuku na uzazi ukaingizwa kwenye mafao ya lazima ya hizo bima. Kampuni za bima hazikufunga, zipo mpaka leo zinafanya biashara. Kwa hiyo ni sheria tu ilikuwa inakosekana, na huku kwingine nako ni sheria tu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mwaka 2023 wanawake kama 260,000 walikufa kwa mambo ya ujauzito na kujifungua, yaani zaidi ya 700 kila siku, na vifo vingi kati ya hivyo vilikuwa vinazuilika. Mama akivuja damu baada ya kujifungua kuna oksitosini, kifafa cha mimba kuna magnesiamu salfeti, ni dawa za miaka na miaka hizo wala sio za kuvumbua leo. Ila dawa haimsaidii mtu ambaye bado yuko nyumbani usiku uchungu umeshaanza, watu wanapiga simu kutafuta hela ya kutanguliza mapokezi.

Na afya ya mwanamke sio leba peke yake jamani!! Saratani ya mlango wa kizazi iliua wanawake kama 350,000 mwaka 2022, wakati chanjo ya HPV, yaani kirusi kinachosababisha saratani hiyo, ipo, na tangu mwishoni mwa 2022 WHO wamesema hata dozi moja inatosha kwa wasichana, kipimo nacho kipo cha kugundua mapema kabla haijawa saratani. Nilivyoulizia kwenye bima yangu nikajibiwa kama huumwi hatulipii uchunguzi. Nisubiri niumwe kwanza? Ikishakuwa saratani si ndo gharama inakuwa kubwa zaidi hata kwao?

Mimi mwenyewe miaka sita nimezunguka na maumivu ya tumbo ya kila mwezi, kila daktari ananiambia ni kawaida, ukizaa yataisha, kumbe ni endometriosisi, yaani nyama kama za ndani ya mfuko wa uzazi zinaota nje yake, ugonjwa ambao inakadiriwa mwanamke mmoja kati ya kumi walio kwenye umri wa kuzaa anao. Miaka sita ya kuambiwa nivumilie kidogo! Sijawasamehe.

Ninachotaka kiandikwe kwenye sheria kisiachiwe huruma ya kampuni, uzazi uwe ndani ya kila kifurushi kuanzia siku ya kwanza, kipimo cha mlango wa kizazi na matiti kilipiwe hata kama mtu haumwi, uzazi wa mpango usiombewe sahihi ya mume maana mwili ni wangu, na mama asizuiwe wodini na kichanga chake kwa sababu ya bili.

Mdogo wangu jana kaanza kliniki kwa hela ya kukopa, na bima mwezi huu wamemkata kama kawaida. Kama kuna mtu hapa aliwahi kukata rufaa kwenye hicho kipindi cha kusubiri akashinda, naomba aseme alianzia wapi na aliandika nini, tuna miezi mitano tu.