Hisa zimepanda bei, nizitoe sadaka kupitia DAF? Na shule ya kijijini itapata?

Mmachame_Dallas
Habari wakuu. Mimi na wife tuko Texas, kwa mwaka tunatoa kama dola 6,000, nyingi fungu la kumi hapa kanisani na zinazobaki tunatuma Moshi kwenye shule ya msingi niliyosoma, madawati, mabati ya jiko, vitu kama hivyo. Sasa nna hisa nilinunua zamani kwa 4,000 leo zimefika 19,000, nikasema niuze nitoe yote, jamaa kazini akanambia weee usiuze, fungua DAF (donor-advised fund) uzitie humo kama zilivyo. Nilivyoelewa ni mfuko unaoshikwa na shirika la hisani, ukishaweka mali sio yako tena, unabaki kupendekeza tu iende wapi. Kuna mtu anatumia? Na hela inaweza kwenda kwa mwalimu mkuu moja kwa moja?

Bi_Hesabu
Jamaa yako kasema kweli. Ukiuza mwenyewe ile faida ya 15,000 inakatwa kodi, kwa watu wengi wa kipato cha kati ni asilimia 15, yani 2,250 imeondoka kabla hujatoa hata senti. Ukihamisha hisa zenyewe, na umezishika zaidi ya mwaka, mfuko unauza bila kodi na wewe unahesabiwa umetoa 19,000 nzima mradi isizidi asilimia 30 ya kipato chenu.

Ila utamu wenyewe uko kwenye mwaka. Punguzo la bure la IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), yani kipato kisichokatwa kodi bila kuorodhesha matumizi, kwa mke na mume 2026 ni 32,200, na kuorodhesha sadaka kunalipa mkivuka hapo tu. Tuseme riba ya mkopo wa nyumba na kodi ya jengo mnayolipa serikali ni 20,000, ongeza 6,000 za sadaka bado hamvuki, kwa io hiyo sadaka haiwapi kitu zaidi ya kale ka punguzo kapya ka 2,000 ka wasioorodhesha (nako kanataka keshi na hakakubali DAF). Mkitia 19,000 kwa mpigo mnavuka, afu kanisa mnaendelea kulipa taratibu kutoka kwenye mfuko miaka mitatu. Kumbuka tu kuanzia 2026 ile sehemu ya kwanza ya sadaka inayolingana na nusu asilimia ya kipato haihesabiwi.

Kaka_wa_Likoni
Mimi hizi mambo sizipendi na nitasema wazi. Wakfu binafsi wa matajiri sheria inawalazimisha watoe karibu asilimia 5 kila mwaka, DAF hakuna kitu kama hicho, pesa yaweza kukaa miaka kumi inazaa tu na mwenyewe alishapata punguzo lake siku ya kwanza, huku mtoto bado anaandikia kwenye magoti. Na ada inakatwa, Fidelity Charitable, moja ya mashirika yanayoshika hizi DAF, ni asilimia 0.6 kwa mwaka au dola 100, ile iliyo kubwa. Halafu ikiingia hairudi, hata ukifutwa kazi kesho.

Mama_Zuhura
Kaka una haki lakini huyu ndugu atamaliza yake ndani ya miaka mitatu, simwoni akikalia hela.

Kuhusu mwalimu mkuu, hapana. DAF hailipi mtu binafsi. Ile fomu ya kupendekeza unatafuta shirika kwa jina au namba yake ya kodi ya Marekani, shule ya Moshi haimo humo. Kwa nyumbani unapitia shirika la katikati kama CAF America, wao wanaikagua taasisi ya huko, usajili, hesabu, viongozi, na wanakata chao. Kwa madawati ishirini mi naona ni kuzungusha watu bure. Na kuna kiboksi unatiki kwamba hupati chochote mkononi, so usiwaze kulipia tiketi ya dina ya jumuiya wala ada ya mtoto wa dada.

Mmachame_Dallas
Asanteni sana. Basi hisa ziende DAF kwa ajili ya kanisa, na ile hela ya mfukoni nliyokuwa nampa mchungaji ndo niitume Moshi kama kawaida, punguzo silipati lakini madawati yanafika.

Bi_Hesabu
Hapo sawa kabisa. Anza Novemba, usingoje Krismasi. Kinachohesabiwa ni siku hisa zimeingia kwenye akaunti ya mfuko, sio siku umejaza fomu, na Desemba mwishoni foleni ya uhamisho huwa ndefu.