Kulinganisha ramani za fosforasi Ghuba ya Mwanza, masika na kiangazi

kipimamaji: Wakuu, nina fosforasi jumla ya Ghuba ya Mwanza: Aprili vituo 31, Agosti vituo 24. Nimechora kwa IDW (kukadiria thamani kati ya vituo, cha karibu kikipewa uzito zaidi) kwenye QGIS, programu ya ramani. Ramani zote mbili zina wekundu uleule mdomoni mwa Mto Mirongo, ilhali namba za Agosti pale ni nusu ya zile za Aprili. Nikitoa moja kwa nyingine, nimepata ramani ya mabadiliko?

rasta_na_vekta: Wekundu huo ni wa programu, mkuu. QGIS hupanga rangi kati ya thamani ndogo na kubwa ya kila rasta (ramani ya pikseli) peke yake. Andika madaraja ya rangi kwa mkono, hifadhi mtindo kama faili ya .qml, kisha upakie kwenye ramani ya pili.

Usitoe bado. Bakiza kwanza vituo vilivyopimwa misimu yote miwili; vile vya Aprili pekee vitazaa "mabadiliko" mahali ambapo hakijabadilika kitu. Rasta zote ziwe kwenye mfumo wa majiranukta EPSG:32736 (UTM kanda 36 kusini), mipaka na pikseli zilezile.

limno_ziwani: Chukua logariti kabla ya kuchora. Fosforasi huwa na vituo vichache vyenye thamani kubwa mno, navyo humeza ramani nzima. Tofauti ya logariti ni uwiano, kwa hiyo "mara mbili" inasomeka vilevile mdomoni na katikati ya ghuba. Sampuli zilizo chini ya ukomo wa kipimo (kiwango kidogo kabisa ambacho maabara inaweza kukigundua) usizipe sifuri; zikiwa chache, nusu ya ukomo inatosha.

Halafu IDW hupima umbali kwa mstari mnyoofu. Kituo cha upande mmoja wa rasi ya Capri Point kitachafua upande wa pili kwa kupita nchi kavu, na kukata ramani kwa poligoni ya ufukwe hakuondoi kosa hilo. Kadiria kila upande peke yake.

Ondoa pia kituo kimoja kimoja, ukikadirie kwa vilivyobaki. Penye kosa kubwa kuliko tofauti ya misimu, paka kijivu.

kusi_na_tope: Agosti msiihesabu kuwa msimu safi. Juni hadi Agosti kusi huchanganya maji ya ziwa juu hadi chini, na penye kina kifupi tope hupanda na fosforasi yake. Bila fosforasi iliyoyeyuka na kiwango cha tope, hutatenganisha fosforasi ya mto na ile ya sakafu ya ziwa. Angalia na saa za sampuli: upepo wa alasiri ukivuruga vituo vya mwisho, utakuwa umechora mpangilio wa njia ya boti, si wa fosforasi.