Naomba ushauri: mbwa anamngurumia mtoto kwa ajili ya chakula

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa mliolea mtoto na mbwa ndani ya nyumba moja. Mtoto ana miezi 10, anatambaa. Mbwa ana miaka 4, mpole muda wote isipokuwa anapokula. Mtoto akisogea, mbwa anakaza mwili, anakula harakaharaka, weupe wa jicho unaonekana, ndipo anaunguruma.

Kumkaripia hapana: mbwa aliyezuiwa kuunguruma anaweza kung'ata bila onyo. Kumnyang'anya bakuli nako kunamzidishia wasiwasi. Kwa hiyo anakula chumba kingine, mlango umefungwa, na bakuli linaondolewa akishatoka. Mazoezi anafanya mtu mzima tu: unapita mita 3 kutoka kwenye bakuli, unamrushia kipande cha nyama, unaondoka. Akilegea na kuinua kichwa akisubiri, siku nyingine unapunguza nusu mita. Akikaza mwili, unarudi kwenye umbali uliotangulia. Mtoto hahusishwi kabisa.

Kinachonisumbua ni makombo chini ya kiti cha mtoto. Mbwa amezoea kuyalamba, sasa anapalinda mahali penyewe hata pakiwa pamefagiliwa, kwa sababu harufu inabaki kwenye mikunjo ya kiti na kati ya vigae. Je, kuna aliyefanikiwa kumfundisha mbwa abaki kwenye mkeka wake wakati mtoto anapokula, au mliishia kuweka geti la kudumu? Na geti la nondo za wima, mmelizibaje ili mkono wa mtoto usipite, lakini asipate pa kukanyagia akapanda?